Uyoga mamama sokoni: mbichi, mkavu na wa unga, na faida yake kwa afya ya mlaji

Tathmini hii inahusu uyoga mamama (kwa Kiingereza oyster mushroom) kama unavyouzwa katika masoko ya mbogamboga na maduka makubwa ya Dar es Salaam: mbichi katika pakiti za gramu 200 au 250, mkavu katika mifuko ya plastiki, na uliosagwa kuwa unga katika makopo yenye maelezo marefu ya tiba. Nimekuwa nikiununua na kuupika nyumbani kwa aina zote tatu, na karibu kila muuzaji niliyezungumza naye hunitajia afya kabla hajataja ladha. Kwa kuwa bei ya kilo moja ya uyoga mbichi hukaribia ile ya kilo ya nyama ya ng'ombe, na mara nyingine huipita, mnunuzi ana haki ya kujua analipia nini. Maoni yangu ni kwamba uyoga mbichi na mkavu ni chakula chema kinachostahili fedha hiyo, mradi ulipiwe kama chakula. Unga unaouzwa kama dawa haustahili bei yake.

Nianze na uyoga mbichi, kwa kuwa ndio unaonunuliwa zaidi na ndio unaoharibika upesi. Uyoga mamama hulimwa kwenye mabaki ya mazao kama majani makavu ya mpunga, magunzi ya mahindi, majani ya migomba au mabaki ya mkonge, ambayo huchemshwa au kupigwa mvuke ili kuua vimelea, kisha hujazwa katika mifuko pamoja na mbegu zilizooteshwa juu ya nafaka kama mtama au ngano. Mifuko hukaa gizani kwa wiki kadhaa hadi utando mweupe uenee kote, ndipo inapohamishiwa mahali penye unyevu, hewa na mwanga kidogo ili vishada vichomoze. Kwa kuwa zao hili halihitaji shamba, banda dogo nyuma ya nyumba linatosha, na ndiyo maana wakulima wengi wanaouza pembezoni mwa jiji ni watu wenye nafasi finyu, wanaovuna asubuhi na kuuza siku hiyo hiyo.

Uyoga mzuri una kofia ngumu kiasi, kingo zake bado zimejikunja chini, na rangi yake ni moja bila madoa ya njano au kahawia. Kingo zikiwa zimenyooka kabisa na kuanza kupasuka, ujue ulichelewa kuvunwa, na shina lake litakuwa gumu kutafuna. Harufu inapaswa kuwa nyepesi. Ikigeuka kuwa kali au ya uchachu, hata kama rangi bado inapendeza, uuache. Tazama pia ndani ya pakiti: matone ya maji yaliyojikusanya chini ya karatasi ya plastiki ni dalili kwamba uyoga umetolewa kwenye baridi na kurudishwa kwenye joto, na kwa hali ya hewa ya pwani uyoga wa namna hiyo huanza kuteleza kabla ya kesho yake. Nyumbani mimi huutoa katika plastiki, nikauweka katika mfuko wa karatasi ndani ya jokofu, na hudumu siku nne au tano bila shida. Bila jokofu, upikwe siku hiyo au kesho yake.

Sasa tuje kwenye lishe, ambako maneno ya sokoni na ukweli huachana kidogo. Gramu 100 za uyoga mamama mbichi zina maji kiasi cha gramu 89, nishati ya kilokalori 33 tu, protini gramu 3.3, nyuzinyuzi gramu 2.3, na mafuta chini ya nusu gramu. Kwa mtu anayetaka kupunguza uzito, au ambaye daktari amemwambia apunguze mafuta, takwimu hizo ni habari njema, kwa kuwa sahani iliyojaa uyoga inashibisha bila kumbebesha mzigo wa nishati. Ila kwa mama anayetafuta protini ya kumkuza mtoto, takwimu hizo hizo zinamtaka awe mwangalifu.

Nasema hivyo kwa sababu dai linalorudiwa mno ni kwamba uyoga una protini sawa na nyama au kuipita. Dai hilo limetokana na kulinganisha vitu viwili visivyo katika hali moja. Ukiukausha uyoga mpaka maji yote yaishe, protini hufika takriban asilimia 30 ya uzito uliobaki, na nambari hiyo ndiyo inayowekwa kando ya nyama mbichi yenye asilimia 20 hivi. Nyama nayo ingekaushwa kwa namna hiyo hiyo, zaidi ya nusu ya uzito wake ungekuwa protini. Sahani ya maharage yaliyopikwa hutoa protini karibu gramu 9 kwa kila gramu 100, yaani zaidi ya mara mbili ya uyoga mbichi, kwa bei iliyo chini sana. Protini ya uyoga ni bora kwa aina yake, na ina amino asidi zote ambazo mwili hauwezi kujitengenezea, lakini kiasi chake ni kidogo. Familia inayoacha maharage, dagaa au mayai kwa kuamini kwamba uyoga umechukua nafasi yake itapungukiwa, na watoto ndio watakaoumia kwanza. Uyoga ukae sahani moja na vyakula hivyo.

Nguvu ya kweli ya uyoga iko kwenye vitamini za kundi B na madini. Gramu 100 za uyoga mamama zina niasini takriban miligramu 5 na riboflavini miligramu 0.35, na kila moja ni kama theluthi ya mahitaji ya mwanamke mtu mzima kwa siku. Vitamini hizo ndizo zinazouwezesha mwili kugeuza wanga na mafuta kuwa nguvu ya kufanya kazi, na niasini ina umuhimu wa pekee kwetu tunaokula ugali wa mahindi kila siku, kwa kuwa niasini iliyomo katika mahindi imefungwa kwa namna ambayo tumbo haliwezi kuifungua vizuri. Ugali kwa uyoga, basi, ni mlo unaokamilishana. Uyoga una pia potasiamu miligramu 420 kwa gramu 100, kiasi kinachozidi ndizi mbivu yenye miligramu 358, na una shaba, fosforasi na seleniamu kidogo. Vitamini B12, ambayo watu wasiokula nyama huitafuta kwa bidii, haimo kwa kiasi cha kutegemewa, hata pale tangazo linapodai imo.

Faida ninayoithamini kuliko zote, ambayo sijawahi kuisikia ikitajwa na muuzaji, ni ile inayohusu chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, na kwa mtu mwenye shinikizo la damu ushauri huo ni mgumu kuufuata kwa sababu chakula chenye chumvi kidogo huonekana hakina ladha. Uyoga una glutamati kwa wingi, ile inayoleta utamu mzito wa mchuzi wa nyama, huku sodiamu yake ikiwa miligramu 18 tu kwa gramu 100. Ukiukaanga kwanza kwenye sufuria mpana hadi maji yake yakauke na kingo zipate rangi ya kahawia, kisha ukaongeza kitunguu, nyanya na pilipili manga, unaweza kupunguza chumvi kwa kiasi kikubwa na wanaokula wasitambue. Vivyo hivyo, nyama ya kusaga iliyochanganywa na uyoga uliokatwakatwa, nusu kwa nusu, inatoa sambusa au mchuzi wenye mafuta machache na ladha kamili. Nimemlisha mzee wa nyumbani kwetu mwenye shinikizo la damu chakula hicho, naye ndiye aliyeniomba niendelee kukipika hivyo.

Jambo la pili linalohitaji maelezo marefu ni vitamini D. Uyoga si mmea. Kuta za seli zake zimejengwa kwa chitini na beta-glukani, na ndani ya utando wa seli hizo mna kitu kiitwacho ergosteroli ambacho kikipigwa na miale ya urujuanimno hugeuka kuwa vitamini D2, kwa njia inayokaribiana na ile ambayo ngozi yetu hutumia kutengeneza vitamini D3 tunapoota jua. Uyoga uliokuzwa gizani na kuuzwa bila kuonja jua una vitamini D kidogo mno. Ukiukata vipande, au ukauweka matamvua yake, yale makunjo yaliyo chini ya kofia, yakielekea juu, na kuuanika katika jua la adhuhuri kwa muda wa dakika 15 hadi saa moja, unaweza kupata mikrogramu 10 au zaidi kwa kila gramu 100, kiasi kinachokaribia mahitaji ya siku nzima. Sehemu kubwa ya vitamini hiyo hubaki hata baada ya kupika. Kwa wagonjwa wasiotoka kitandani, wazee wasiotoka ndani na wafanyakazi wanaoingia ofisini alfajiri na kutoka usiku, hii ni njia rahisi isiyo na gharama yoyote ya kuongeza vitamini ambayo vyakula vichache sana huwa nayo. Ningependa kila pakiti iandikwe maelekezo hayo.

Uyoga ndio chakula chenye ergothioneini nyingi kuliko vyakula vingine vya kawaida, nayo ni amino asidi ambayo mwili wa mwanadamu hauwezi kuitengeneza. Mfaransa Charles Tanret aliigundua mwaka 1909 katika kuvu ya nafaka, na kwa muda mrefu haikujulikana kama ina kazi yoyote kwetu, mpaka mwaka 2005 watafiti walipobainisha kwamba seli zetu zina mlango maalumu wa kuipitisha kuingia ndani. Mwili ambao umejiwekea mlango kwa ajili ya kitu fulani huenda una sababu, na majaribio ya maabara yanaonyesha kwamba ergothioneini hukinga seli dhidi ya uharibifu unaoletwa na oksijeni. Ujuzi huo unavutia sana, lakini bado hautoshi kumwambia mgonjwa kwamba ugonjwa wake utapona.

Tafiti zilizofanywa kwa watu zinatia moyo, na zinahitaji kusomwa kwa utulivu. Mwaka 2019, Chuo Kikuu cha Taifa cha Singapore kilichapisha utafiti uliohusisha Wachina zaidi ya 600 wenye umri wa miaka 60 na kuendelea, ukaonyesha kwamba waliokula zaidi ya sahani mbili za uyoga kwa wiki, yaani kama gramu 300, walikuwa na nusu ya uwezekano wa kuwa na upungufu mdogo wa kumbukumbu na fikra ukilinganisha na wale waliokula kwa nadra. Mwaka 2021, watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania State cha Marekani walikusanya tafiti 17 zilizochapishwa kati ya mwaka 1966 na 2020, zenye wagonjwa wa saratani zaidi ya 19,500, wakaona kwamba waliokula gramu 18 za uyoga kwa siku walikuwa na hatari ya saratani iliyo chini kwa asilimia 45 kuliko wasiokula kabisa, na uhusiano ulionekana wazi zaidi kwa saratani ya matiti.

Nambari hiyo ya asilimia 45 nimeiona ikinakiliwa katika matangazo kana kwamba ni ahadi ya kiwanda, na hilo ni kosa kubwa dhidi ya mnunuzi. Tafiti zote hizo zilitazama tu watu walivyokula na kilichowapata. Anayekula uyoga mara kwa mara huenda pia anakula mboga nyingi zaidi, anatembea zaidi, havuti sigara au ana kipato cha kumwezesha kumwona daktari mapema, na ni vigumu kuvitenganisha vitu hivyo kwa hesabu peke yake. Mimi nazichukua tafiti hizo kama sababu nzuri ya kuuweka uyoga mezani mara mbili au tatu kwa wiki. Mgonjwa wa saratani asizichukue kama sababu ya kuahirisha miadi yake hospitalini.

Kuhusu lehemu (kolesteroli), maelezo ni ya namna hiyo hiyo. Ni kweli kwamba uyoga mamama hutengeneza lovastatini, kemikali ile ile iliyoidhinishwa kuwa dawa ya kupunguza lehemu nchini Marekani mwaka 1987, lakini kiasi chake katika uyoga ni kidogo na hubadilika kutoka banda hadi banda, hivyo haiwezekani kuhesabu dozi kwa kijiko cha mchuzi. Nyuzinyuzi za beta-glukani nazo zimo, na zile za shayiri zimethibitishwa vya kutosha hata Umoja wa Ulaya ukaruhusu watengenezaji waandike kwamba gramu 3 kwa siku husaidia kushusha lehemu. Idhini hiyo inahusu shayiri na jamii yake, na haifai kuhamishiwa kwenye uyoga kwa kuwa tu jina la nyuzinyuzi linafanana. Faida iliyo wazi kwa mwenye lehemu nyingi ni kwamba uyoga ukichukua nafasi ya nyama yenye mafuta, mafuta yale hayamfikii.

Uyoga mkavu umenifurahisha kuliko nilivyotarajia. Kilo moja hutokana na takriban kilo kumi za uyoga mbichi, kwa hiyo bei inayoonekana kubwa kwenye mfuko si kubwa ukiigawa, na gramu 20 au 25 zinatosha chungu cha familia. Loweka katika maji ya uvuguvugu kwa nusu saa, kamua, na maji hayo usiyamwage, kwa kuwa vitamini B, potasiamu na sehemu kubwa ya ladha zimehamia humo. Yachuje tu kwa kitambaa ili uondoe mchanga, kisha uyamimine chunguni. Uulize kama ulikaushwa juani au kwa jiko la umeme: wa juani, kwa sababu niliyoieleza, una vitamini D zaidi. Mfuko mzuri hutoa sauti ya kitu kikavu unapoutikisa, na vipande huvunjika bila kukunjika. Vikiwa laini, unyevu umeingia, na ukungu hauko mbali. Kasoro niliyokutana nayo zaidi ya mara moja ni mchanga, ambao mkulima angeuepuka kwa kuanika juu ya chekeche iliyoinuliwa badala ya mkeka ulio chini.

Hapa lazima niutenge uyoga mkavu wa porini, unaoletwa mjini msimu wa mvua kutoka mikoa yenye miombo kama Tabora, Iringa na Mbeya. Kwa ladha, uyoga unaoota kwenye vichuguu ni mtamu kuliko wowote unaolimwa, na ujuzi wa kina mama wa mikoa hiyo katika kuutambua ni mkubwa kiasi kwamba wanasayansi kama Marja Härkönen wa Finland na Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliufanya kuwa sehemu ya utafiti wao. Ujuzi huo, hata hivyo, hauhami pamoja na mfuko. Uyoga uliokatwa na kukaushwa hauonyeshi tena alama zinazoutofautisha ule wa kuliwa na ule wenye sumu, na sumu za amatoksini zilizomo katika baadhi ya jamaa za uyoga wa porini hazifi kwa kuchemshwa, kukaushwa wala kwa chumvi. Mbaya zaidi, dalili zake huchelewa saa sita hadi saa 24, kisha kutapika na kuharisha hutulia kwa muda na mgonjwa akadhani amepona, wakati ini linaendelea kuharibika. Imani kwamba uyoga ulioliwa na konokono ni salama, au kwamba kijiko cha fedha hubadilika rangi, haina ukweli hata kidogo. Nunua uyoga wa porini kwa mtu unayemjua na anayeujua, na vinginevyo nunua uliolimwa.

Uyoga wa kopo, ambao kwa kawaida ni ule mweupe wa mviringo unaofanana na kifungo, sina mengi ya kuusema. Una nyuzinyuzi na unahifadhika, lakini sodiamu yake hufika takriban miligramu 425 kwa gramu 100 hata baada ya kuchuja maji, jambo linaloifuta ile faida ya kupunguza chumvi niliyoisifu. Ukilazimika kuutumia, uoshe kwa maji mengi.

Unga ndio ulionisikitisha. Kuna aina mbili, na hazifanani. Ya kwanza ni uyoga mamama mkavu uliosagwa tu, ambao hutumika kuongezea ladha katika supu au uji. Huo ni chakula, na kijiko kimoja cha gramu 5 kinaweza kukupa gramu moja na nusu ya protini, si vibaya, ingawa ni kidogo mno kwa bei inayoulizwa. Aina ya pili ni unga, vidonge au kahawa yenye ganoderma, uyoga mgumu wa kwenye magogo ambao haupikwi kama mboga na umetumiwa katika tiba za jadi za China kwa karne nyingi. Bidhaa hizi huuzwa kwa mtandao wa jamaa na marafiki, zikiambatana na orodha ya magonjwa: kisukari, shinikizo la damu, saratani, uvimbe wa kizazi, upungufu wa nguvu za kiume. Uchambuzi wa Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu ganoderma kwa watu wenye kisukari cha aina ya pili haukupata ushahidi kwamba inashusha hatari za magonjwa ya moyo, na ule wa kuhusu saratani haukupata ushahidi wa kutosha wa kuifanya kuwa tiba ya kwanza. Mtu anayetumia dawa za kuyeyusha damu ana sababu ya ziada ya kujihadhari, kwa sababu ganoderma inaweza kuongeza uwezekano wa kutokwa na damu.

Wauzaji hujibu kwamba Japani hutibu saratani kwa uyoga, na jibu hilo lina chembe ya ukweli iliyopindishwa. Japani iliidhinisha PSK, iliyotolewa katika uyoga wa Trametes versicolor, mwaka 1977, na lentinani, iliyotolewa katika uyoga wa shiitake, mwaka 1985. Hizo zilikuwa dawa zilizochujwa viwandani, zenye dozi inayojulikana. Lentinani ilidungwa kwenye mshipa. Zote zilikusudiwa kutumiwa pamoja na matibabu ya kawaida ya saratani, chini ya uangalizi wa daktari. Kijiko cha unga kwenye maziwa hakina uhusiano wowote na matibabu hayo. Bidhaa inayodai kutibu ni dawa, na dawa inapaswa kusajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Chakula kilichofungashwa kinapaswa kuwa na alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, na alama hiyo ya chakula haimaanishi kamwe kwamba madai ya tiba yamethibitishwa. Ninaumia ninapofikiria mgonjwa wa kisukari aliyetumia fedha za dawa zake za mwezi kununua kopo moja la namna hii.

Wapo pia watu ambao uyoga, hata ule mzuri, unawataka wawe waangalifu. Mgonjwa wa figo aliyeambiwa apunguze potasiamu amuulize daktari wake kwanza. Mwenye jongo asile sahani kubwa kila siku, kwa kuwa uyoga una kiasi cha kati cha purini, kemikali ambazo mwili huzigeuza kuwa asidi ya yuriki inayoleta jongo. Mtu anayeula kwa mara ya kwanza aanze na kidogo, maana chitini huwaletea baadhi ya watu gesi na maumivu ya tumbo. Usiliwe mbichi: uyoga mamama una protini iitwayo ostreolisini inayoweza kudhuru seli nyekundu za damu, nayo huharibiwa na moto wa kawaida wa jikoni. Kwa wale wanaoulima, vumbi la mbegu zinazodondoka kutoka kwenye kofia zilizokomaa linaweza kuleta kikohozi cha kudumu na ugonjwa wa mapafu, hivyo wavune kabla kofia hazijafunguka kabisa na wafunike pua na mdomo wanapoingia bandani.

Namna ya kupika nayo huamua kiasi cha faida kinachofika mezani. Kuuchemsha na kumwaga maji ni kumwaga vitamini. Kuudumbukiza katika mafuta mengi ni kuugeuza kuwa chakula cha mafuta, kwa kuwa hunyonya upesi. Njia bora ni moto mkali, sufuria au kikaango kipana, mafuta kijiko kimoja, na uyoga usijazane. Uyoga wa nazi, kwa tui jepesi linaloingizwa mwishoni, unapendeza sana kwa wali. Uyoga wa karanga, unaopikwa zaidi bara, una lishe kubwa zaidi kwa mtoto, kwa sababu karanga huziba lile pengo la protini na nishati.

Kwa anayenunua kwa bajeti ya kawaida, ningeshauri pakiti moja ya mbichi kwa wiki kutoka kwa mkulima anayejibu maswali: umevunwa lini, umeoteshwa juu ya mabaki gani, na mabaki hayo yametoka shamba lililopuliziwa dawa au la. Swali hilo la mwisho si la udadisi, kwa kuwa uyoga hufyonza madini mazito na mabaki ya kemikali kutoka katika kile unachoota juu yake. Mfuko wa mkavu uwepo kabatini kwa siku ambazo mbichi haupatikani. Kwa wakulima, ombi langu ni kwamba nafasi iliyopo kwenye lebo itumike kuandika tarehe ya kuvunwa, aina ya mabaki yaliyotumika, na mstari mmoja wa kumwambia mnunuzi auanike juani kwa nusu saa kabla ya kuupika.